Mgongo wa Mama Barafu

Mgongo wake naujua kuliko uso wake. Nikifunga macho sasa hivi naiona ile leso ya kijani iliyopauka mabegani, naiona shingo yake imeinama kidogo kama ya mtu anayesikiliza ukutani, naviona visigino vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi. Uso inabidi niutafute. Watoto wa upande wetu wa Kosele wanamkumbuka hivyohivyo. Kila alipowagawia barafu alingoja mpaka kila mkono umeshika kijiti chake, halafu akasema, "Kuleni. Mimi sipo." Kisha anageuka, anaangalia ukuta wa jikoni, na hageuki tena mpaka asikie vijiti vinaanguka ndani ya sufuria.

Mimi shule sikuimaliza, nilitolewa nikiwa mdogo. Lakini majina sisahau. Waliokuwa wanapanga foleni pale nawajua wote: Omondi wa fundi baiskeli, Akoth na dadake Awuor, mapacha Apiyo na Adongo, Ouko wa Seline, Kevo aliyekuwa na kidonda sikioni. La huyo mama pia nalijua, la ubatizo na la nyumbani. Alinikataza kulitaja. Aliniambia, akiniita kwa jina la mwanangu kama wote wanavyoniita, "Min Otieno, jina langu limesemwa vibaya vya kutosha. Liache lipumzike." Basi nitamwita kama watoto walivyomwita, Mama Barafu.

Mgeni wa huku atauliza, kwa nini ageuke? Sisi hatukuuliza. Sisi tulijua, au tulidhani tunajua. Watu wa ziwani, na yeye aliolewa kutoka upande wa Sori, husemwa kwamba baadhi yao wana sihoho. Hiyo si uchawi wa kununua. Ni jicho. Mtu anakutazama ukila, anatamani au hatamani, haijalishi, na kile chakula kinakataa kushuka. Kinasimama tumboni kama jiwe. Mwenye sihoho anaweza kuwa mtu mzuri kabisa, mcha Mungu, mpole, hata mwenyewe hajui. Kwa hiyo huku kwetu mtu akipita wakati wa chakula, unamkaribisha kwa mdomo na mkono unafunika sahani.

Mama Barafu alifunikiwa sahani nyingi. Nimeona kanisani, Sabato, wamama wakipakua chakula cha mchana chini ya hema. Yeye ndiye aliyechemsha, ndiye aliyepakua, na ukifika wakati wa kula alikuwa ameshatoka, yuko nje na ng'ombe wa mzee wa kanisa, anawaangalia ng'ombe. Ng'ombe hawakumwogopa. Na yeye mwenyewe hakuna aliyemwona akiweka tonge mdomoni. Alikula peke yake, mlango umefungwa, hata mchana wa jua kali.

Sasa utasema, mama wa namna hiyo, kwa nini watoto walikwenda kwake?

Walikwenda kwa sababu hujawahi kulamba kitu kama kile. Kiangazi cha huku kinajua kuchoma. Mwezi wa pili ukifika, mabati yanalia mchana kutwa, mbwa wanalala kwa mtaro, na mtoto akirudi shuleni midomo imekuwa myeupe. Yeye wakati huo ameshatoa vikombe. Vilikuwa vikombe vya chai vya plastiki vilivyovunjika masikio, na ndani alimwaga kwa zamu. Chini tikiti jekundu la Sori lililopondwa na chumvi kidogo tu, ya kubana kwa vidole viwili. Anaacha ligande. Katikati anaweka ukwaju, anaacha nao ushike. Juu embe, yale madogo yetu yenye nyuzi, ameyachuja kwa kitambaa cheupe mpaka nyuzi zote zimebaki nje. Akipata mapashen, aliyatia juu ya embe na mbegu zake, kwa sababu alisema mtoto anapenda kitu cha kuvunja kwa meno. Sukari alitia kidogo. "Tunda limeshafanya kazi yake," alisema, "wewe unataka kulifundisha nini?" Ukikichovya kikombe kwenye maji ya vuguvugu, barafu inatoka nzima, rangi tatu, kama kitambaa cha sherehe.

Maji aliyachemsha mpaka yanaruka. Vijiti alichonga mwenyewe, navyo akavichemsha. Nilimwambia siku moja juu ya ua wa minyaa unaotutenganisha, "Si unagandisha tu? Kitu kikishaganda uchafu utatoka wapi?" Aliacha kuponda, akanigeukia na mchi mkononi.

"Min Otieno, baridi haiui uchafu. Baridi inaulaza tu. Ukiyeyuka tumboni kwa mtoto, unaamka."

Alisema polepole sana. Mimi nilikuwa nimeshika kuku wa kuchinja, na nakumbuka nilimwachilia.

Friza yenyewe ilikuwa kubwa, nyeupe, ndefu kama sanduku la kuzikia mtu mzima. Nasema hivyo kwa sababu kila mtu alisema hivyo, kwa kuinamisha sauti. Ilikuwa ya mchuuzi wa samaki kule Sori kabla ya kuletwa Kosele. Aliiosha kwa ndimu na majivu, akaiacha wazi juani, akaiosha tena. Hata hivyo kuna siku barafu ya kwanza ilitoka na harufu ya mbuta. Seline, jirani wetu aliyekuwa akiuza samaki sokoni, alimtania kutoka barabarani bila kushusha beseni kichwani:

"Mama Barafu! Hiyo friza yako leo imezaa embe ama imezaa samaki?"

"Imezaa embe lenye magamba. Leta kikombe, nikupe kichwa."

"Ah, kichwa ni cha mwenye nyumba! Mimi nipe mkia na ugeuke nikuone. Kwani unaogopa meno yetu?"

"Meno yako nimeyaona ukiimba kwaya, Seline. Yananitosha mwaka mzima."

Watoto walianguka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka, mabega yakatikisika, lakini alibaki ameangalia ukuta. Seline peke yake ndiye aliyemtania hivyo. Sisi wengine tulicheka na mikono ilikuwa imefunika vikombe.

Ukali alikuwa nao. Mtoto akija anahema hapewi. "Wewe Omondi, umetoka wapi na hizo mbio? Kaa chini kwanza kifua kitulie."

"Dani, si nimekaa!" Dani kwetu ni bibi.

"Umechuchumaa. Kaa na matako."

Na mtoto akiangusha barafu yake, hata angelia mpaka akauke, hapati nyingine. Mama Barafu alisikia kile kishindo kidogo nyuma yake, akasema bila kugeuka, "Hiyo sasa ni ya ardhi." Basi. Niliona Adongo akilia machozi ya kweli mbele ya kidimbwi cha embe kinachonyonywa na vumbi, na mgongo ule haukusogea. Mtu anayependa watoto hivyo, anayechonga kijiti kimoja kimoja kisije kikawachoma ulimi, na bado moyo wake ulikuwa na sehemu ngumu kama ile. Sikuielewa. Mpaka leo naigeuzageuza.

Stima ilipopotea, na huku inapotea ikitaka, hakuifungua friza hata kidogo. Alikaa kando yake kwenye kigoda, kiganja amekilaza juu ya kifuniko, kama unavyomwekea mkono mtoto mwenye homa. Ukipita unamwona hivyo kupitia mlango, kimya, na ile nyumba ambayo siku zote inanguruma sasa haingurumi. Nilikuwa nikipita haraka. Stima ikichelewa sana, anatoa kila kikombe, anamwaga kwenye mashina ya mipapai. Hakugandisha kitu mara ya pili. Ile mipapai ilikuwa na matunda makubwa kuliko ya mtu yeyote, na hakuna aliyekubali kuila.

Wazee wa nyumba ya mumewe, ambaye alikuwa amekufa kitambo, walikuwa wanamwangalia tu. Walingoja kitu. Sisi sote, nafikiri, tulikuwa tunangoja kitu. Unajua vile mbuzi anavyosimama kabla ya mvua kubwa, hali, hatembei? Kosele ilikuwa hivyo kumhusu yule mama, miaka yote, katikati ya watoto wanaolamba na kucheka.

Kitu chenyewe kilikuja kiangazi ambacho mto ulikatika. Maji yalibaki kwa madimbwi, na ng'ombe walikunywa palepale tulipochota. Watu walianza kuendesha tumbo, mmoja hapa, mmoja kule. Ouko wa Seline akaamka asubuhi anatapika na kuhara maji matupu. Jana yake alikuwa amekula barafu pamoja na wenzake. Wenzake wote walikuwa wazima, wanacheza mpira wa matambara barabarani. Lakini nani alitazama hao? Seline alikuwa Sori kufuata samaki. Nyumbani alikuwepo Dorka, nyanyake Ouko, mama wa mumewe Seline.

Dorka hakuita boda ya hospitali. Aliita mama wa kutoa sihoho.

Yule mama alikuja na majani yake na mafuta. Akamlaza Ouko juu ya mkeka, akamsugua tumbo, akasugua, akakunja mkono, akaufungua, na kwenye kiganja kukawa na nyuzi za manjano. Akatuonyesha sisi tuliosimama mlangoni, mmoja mmoja.

"Hii ni nini kama si embe?"

Hakuna aliyetaja jina. Hakukuwa na haja. Mimi peke yangu nilifikiri, lakini yule huchuja embe lake kwa kitambaa, nyuzi zimetoka wapi? Macho ya Ouko yalikuwa yameingia ndani. Nilisema, "Dorka, mtoto anaishiwa maji. Acha tuite boda, tafadhali."

Dorka akaniangalia kwa utulivu. "Min Otieno, wewe na yule mna ua mmoja. Nyamaza."

Hapo ndipo tulipomsikia mtu langoni.

Nieleze hili vizuri, kwa sababu limesimuliwa vibaya mpaka Oyugis. Mama Barafu alikuwa amesikia kwamba Ouko anatapika. Alichemsha maji, akatia chumvi na sukari, akakamulia chungwa, akagandisha kwenye kikombe kidogo, kwa sababu mtoto anayetapika akinywa kikombe cha maji anakirudisha, lakini akilamba barafu kidogo kidogo inabaki. Alinieleza hayo baadaye. Alikuja nayo imefunikwa kitambaa cheupe. Na kwa vile hakutaka jicho lake limguse mtoto mgonjwa, aliingia kinyumenyume. Alipita langoni akitembea nyuma nyuma, leso ya kijani mbele yetu, visigino vikitafuta njia kwenye vumbi, mkono wenye kikombe umepitishwa nyuma ya kiuno kwetu sisi.

Kwetu sisi, mtu anayeingia boma la watu kwa mgongo ni mmoja tu, na hatembei mchana. Anaitwa jajuok. Ndiye anayegonga milango kwa makalio watu wakiwa wamelala. Kila mtoto wa Kijaluo anafundishwa hivyo kabla hajajua kuhesabu. Yule mama alifikiri anamlinda Ouko. Sisi tuliona kile tulichofundishwa kuona. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi na kulitaja jina la Yesu.

"Alambe kidogo kidogo," alisema, mgongo wake umetuelekea. "Akitapika, mngoje, mumpe tena. Halafu mumpeleke hospitali. Dorka, nakuomba. Mimi sipo. Mimi siangalii."

Dorka alikipiga kile kikombe kwa fimbo yake.

Barafu ilianguka mbele ya mlango, nyeupe, ndogo, ya duara. Hakuna aliyeikanyaga. Kuku walikuja, wakainamisha vichwa, wakaizunguka. Nilingoja nimsikie akisema ile kauli yake, kwamba hiyo sasa ni ya ardhi. Mabega yalipanda, yakakaa juu. Hakusema. Aliondoka, na sasa alikuwa anatembea kama mtu yeyote, mbele, kwa sababu alikuwa anakwenda zake.

Ile barafu ilichukua muda mrefu sana kuyeyuka. Au mimi ndiye niliyeona hivyo.

Seline alifika jua limeanza kupinduka. Alitupa beseni, akamnyakua mtoto, akapanda boda bila kuuliza mtu. Ouko hakufika hospitali.

Baada ya maziko Seline alikuja kwenye ua wa minyaa. Nilikuwa upande wangu nikianua nguo, niliwasikia wote wawili.

"Ulimwangalia akila?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Seline. Naapa."

Nikafikiri Seline amekwenda. Kisha nikamsikia, "Alikuwa anafunga macho akilamba. Jicho moja tu. Ungemwona, ungecheka."

Hilo ndilo jambo la mwisho ambalo Seline alimwambia. Mawe yalianza kupigwa juu ya mabati ya Mama Barafu wiki hiyohiyo. Wazee wa nyumba walikaa, wakasimama, wakamwambia bintiye Millicent aje kumchukua. Friza ilipakiwa kwenye pikapu ya kubeba mahindi, na vijana waliobeba walifunga leso puani kana kwamba kuna kitu ndani. Ilipelekwa Migori kwa Millicent, pamoja na mwenyewe. Mipapai ikakatwa.

Mimi nilibaki na kile alichonifundisha juu ya ua. Kwa muda mrefu sikukifanya. Halafu binti yangu wa mwisho, Achieng, alifariki, akaniachia Adhiambo, na Adhiambo ni mtoto wa joto, anatoka vipele kiangazi kikianza, hali, anakonda unamwona. Mwanangu Otieno alininunulia friji ndogo. Nikachemsha maji. Nikaponda tikiti, nikachuja embe. Nilipomkabidhi Adhiambo kijiti chake cha kwanza, aliniangalia akingoja.

"Dani, geuka."

"Nigeuke kwa nini?"

"Barafu inaliwa hivyo. Apiyo alisema. Anayekupa anageuka, anasema hayupo."

Apiyo sasa ni msichana mkubwa. Watoto wa Kosele wamepokezana hivyo, bila kujua imetoka wapi, kama mchezo. Niligeuka. Niliangalia ukuta wangu, nikasikia mtoto wangu akilamba nyuma yangu. Ni kitu kibaya kusikia mtoto akila na usimwone. Unasikia kila kitu. Unasikia hata akinyamaza.

Kiangazi hiki nilikwenda Migori kumtembelea Otieno, nikamchukua Adhiambo. Sokoni, kwenye matikiti, mama mmoja alinishika mkono. Ni Millicent. Amenenepa, ana sauti ya biashara.

"Min Otieno! Mama anakuulizia kila mara. Njoo umwone, ni hapa nyuma tu."

Ningekataa kwa maneno gani? Tulipita kwenye uchochoro wa ploti, vile vyumba vya kupanga vilivyobanana, nguo zikidondosha maji, na kabla ya kufika nikaisikia. Ile friza. Inanguruma vilevile.

Mama Barafu alikuwa amekaa kitandani, miguu haigusi chini vizuri, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule. Amegeukia ukuta.

"Nasikia miguu midogo," alisema. "Umekuja na nani?"

"Na Adhiambo. Wa Achieng."

"Achieng amekwenda?"

"Amekwenda."

"Pole. Huyu ndiye ulibakiwa naye?"

"Ndiye."

Millicent akaleta chai, akaketi kwenye kreti na kisu na tikiti akaanza kukata. Tuliongea habari za Kosele. Aliuliza mmoja mmoja, nikamjibu mmoja mmoja. Ouko hakumtaja, nami sikumtaja, na bado alikuwa pale kati yetu kama mtu aliyenyimwa kiti. Kisha akasema, bila mimi kuuliza:

"Nilikuwa na mvulana kabla ya Millicent. Alianza kula, nikampa embe, nikawa namtazama. Mimi nilikuwa msichana tu, nilikuwa na furaha, nilikuwa nafungua mdomo kila akifungua mdomo. Mama mkwe akapita, akasimama akaniona. Mtoto akafa wiki hiyo, kwa tumbo. Mama mkwe akasema, ni yale macho. Nilimwamini. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeona kwa macho hayohayo."

"Mimi amenizaa, amenilea," Millicent alisema, akikata tikiti, "na hajawahi kuniona nikiweka kitu mdomoni. Hata siku ya harusi yangu."

"Sasa yameisha," Mama Barafu akasema. Akanigeukia. Macho yote mawili yalikuwa na utando, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. "Daktari anasema ni ngozi imefunika, wanaweza kuitoa. Nimekataa. Min Otieno, hii ngozi nimeingojea tangu nilipokuwa msichana. Millicent, mpe mtoto barafu. Leo nataka kukaa na mtoto akila."

Millicent alifungua friza. Moshi wa baridi ukashuka sakafuni, ukatufikia miguuni. Barafu ilitoka rangi tatu, vilevile, nyekundu, kahawia, manjano. Adhiambo aliipokea, akaniangalia mimi, akamwangalia yule bibi.

"Dani, mwambie ageuke."

"Ameshageuka, mtoto," nilisema. "Haoni. Kula."

Akaanza kulamba. Friza ikanguruma. Kwa mara ya kwanza niliutazama ule uso nilivyotaka, kwa sababu haukuwa unanitazama. Ulikuwa umemwelekea Adhiambo, umeinama kidogo. Na mdomo ulikuwa unasogea. Mtoto akifungua wake, yeye anafungua wake. Mtoto akimeza, koo lake linapanda na kushuka. Sikujua kama hivyo ndivyo mama anavyomlisha mtoto, au hivyo ndivyo wanavyosema mwenye sihoho anavyokula.

"Inadondoka," Mama Barafu akasema kwa upole. "Hapo kwa kiwiko. Huo mkono mwingine. Ilambe kabla haijachafua gauni yako ya manjano."

Nikatazama. Tone jekundu lilikuwa limefika kwenye kiwiko cha kushoto cha Adhiambo. Gauni yake ilikuwa ya manjano.

Kisu cha Millicent kikasimama kwenye tikiti. Hakuniangalia. Mkono wangu ulikuwa umeshatoka mapajani, uko hewani, umbali wa shibiri moja na kile kijiti, na nilijua nikikinyang'anya yule mama atasikia, na atajua, na hatamgeukia mtu mwingine tena mpaka tumzike. Na nilijua pia kwamba huyu ndiye mtoto niliyebakiwa naye.

Adhiambo akalamba kiwiko, akacheka. Alimaliza ya mwisho kwa kuivunja na meno. Akanyoosha kijiti kitupu, si kwangu, kwake yeye.

"Nataka ingine."

Mama Barafu hakusogea. Alikuwa amefunga mdomo sasa, yale macho yake ya maziwa yamenihamia mimi, akingoja. Millicent naye alingoja, mkono juu ya kifuniko cha friza.

Nilimvuta Adhiambo akasimama kati ya magoti yangu. Nikaweka kiganja juu ya tumbo lake, chini ya gauni. Lilikuwa baridi, na ndani kitu kilikuwa kinatembea, kama kinavyotembea tumboni kwa mtoto yeyote.

"Mpe," nilisema.

Na kiganja sikukiondoa.